Dude la Derry na Nguo Zake

Anayetaka kufasiri jina la riwaya ya Stephen King iitwayo It hukwama kabla hajafungua ukurasa wa kwanza. Kiingereza kina kineno kimoja kwa kila kisichokuwa mtu. Kiswahili hukudai ngeli kwanza: ni hiki, hili, huu au huyu? Ukisema hiki, umekifanya chombo. Ukisema huyu, umempa roho na pengine umri. Mimi nimechagua dude, neno tunalolishika pale jicho limekwisha kuona na ulimi haujapata jina. Nimelichagua kwa ubishi pia. Kila nikikaa na watu waliotazama filamu zake nakuta kila mmoja amekwisha kulipa Dude hili kabila, jinsia na cheti cha kuzaliwa.

Kwa ambaye hajaisoma: riwaya ilitoka mwaka 1986, ina kurasa zaidi ya 1,100, na inasimulia watoto saba, Bill, Beverly, Ben, Eddie, Mike, Richie na Stan, wa mji wa kubuni wa Derry, jimbo la Maine, Marekani. Mwaka 1958 wanapambana na kitu kinachoua watoto wenzao, na mwaka 1985, wakiwa watu wazima, wanarudi kuimaliza kazi hiyo. Wengi wetu hatukupitia huko. Tulipitia televisheni ya mwaka 1990, Tim Curry akiwa ndiye Pennywise, chale ambaye Dude hujigeuza, au sinema za 2017 na 2019, Bill Skarsgård akichukua nafasi hiyo. Ndiyo maana madai mengi yanaanzia usoni mwa chale, na usoni hapo ndipo yanapopotelea.

Dai linalovuma kuliko yote ni kwamba King alimnakili John Wayne Gacy, yule muuaji wa Illinois aliyekamatwa Desemba 1978, akapatikana na hatia ya mauaji ya watu 33 mwaka 1980, na ambaye kwenye sherehe za watoto alivaa nguo za chale na kujiita Pogo. Nyakati zinakaribiana, sikatai. Lakini kukaribiana kwa tarehe si ushahidi. Waliouawa na Gacy walikuwa vijana wa kiume, wengi wao akiwazika chini ya nyumba yake, wala sura ya chale haikuwa chambo chake. Riwaya yenyewe inataja machale inaowafikiria. George Denbrough mdogo, akichungulia mtaroni kutafuta mashua yake ya karatasi, anawakumbuka Bozo na Clarabell, machale wa televisheni ya Marekani ya utotoni mwake, na msimulizi anaongeza kwamba mtoto wa miaka ya baadaye angemkumbuka Ronald McDonald. Yaani sura ile ilitoka kwenye burudani ya sebuleni, kwa watu ambao mtoto amefundishwa kuwapenda. Ingekuwa imetoka gazetini isingemvuta hatua moja kuelekea mtaroni.

Chanzo alichokieleza King mwenyewe hakina chale hata mmoja. Mwaka 1978 alikuwa anaishi Boulder, Colorado, na gari lake likaharibika giaboksi. Lilipotengenezwa akaenda kulichukua kwa miguu jioni, giza likiingia, akavuka daraja la mbao. Viatu vyake vilipogonga mbao akakumbuka ngano ya Kinorwe ya mabeberu watatu (mabeberu wa pembe, si wa siasa) wanaovuka daraja lenye zimwi chini yake. Akatamani kuandika juu ya zimwi la kweli chini ya daraja la kweli. Wazo likalala. Familia yake ilipohamia Bangor, Maine, mji wenye mfereji katikati, mnara wa maji kilimani na sanamu kubwa ya mkata magogo Paul Bunyan, daraja likageuka mji mzima, na zimwi likashuka kwenye mitaro yake. Riwaya ilianza kuandikwa huko Septemba 1981 ikakamilika Desemba 1985. Kwa hiyo anayeuliza Dude lilizaliwa wapi aanze na sauti ya viatu kwenye mbao.

Wengine hawamhitaji Gacy. Wanasema palikuwa na mtu kweli, Bob Gray, mcheza sarakasi aliyeharibika akageuka Dude. Sasa, jina hilo limetoka kinywani mwa nani? Ni Dude lenyewe lililojitambulisha hivyo kwa George, dakika chache kabla ya kumng'oa mkono. Mara nyingine linatajwa na kikongwe Kersh anayemkaribisha Beverly chai, anayedai kuwa Bob Gray ndiye baba yake, kisha anageuka mchawi wa ngano mbele ya kikombe. Shahidi wa kwanza ni Dude, na wa pili ni Dude limevaa gauni. Filamu ya 2019 ilitundika na picha ya zamani ya sarakasi ukutani, na watu wakaichukua kama hati ya mahakama. Katika riwaya, Dude lilikuwa chini ya ardhi hiyo kabla ya mtu yeyote. Watoto wanachimba shimo, wanawasha moto wa moshi mpaka macho yanawatoka, na wawili wanaostahimili, Mike na Richie, wanaliona likishuka kutoka angani zama ambazo Derry ilikuwa msitu na kinamasi. Sarakasi ingetoka wapi?

Chale, basi, ni nguo tu. Ni nguo inayovaliwa mara nyingi, kama kanzu ya Ijumaa, lakini hesabu makabati yaliyobaki. Eddie, aliyelelewa na mama anayeogopa kila kijidudu, anamwona mwenye ukoma. Ben anaona mumia akitembea juu ya mfereji ulioganda. Mike, aliyeshambuliwa na kunguru akiwa mchanga, anakutana na ndege mkubwa kama ndege ya abiria. Stan anawaona wavulana waliokufa maji ndani ya mnara. Mtoto mwingine, Patrick Hockstetter, anaangamizwa na ruba wanaoruka. Richie anakimbizwa na mtu-mbwamwitu aliyemwona kwenye sinema ya mwaka 1957, akiwa bado na koti la shule. Na mwaka 1985 mtoto mmoja anaona mfereji wa Derry una papa, kwa kuwa amekwisha kutazama Jaws. Dude halibuni chochote. Linafungua kichwa cha mtoto, linachukua lililoko juu, linalivaa. Lau lingeangukia pwani yetu zama za wazee wetu, lingetembea usiku likiwa mumiani, na wala halingetoka mbali sana na sanda ya yule wa Ben, kwani neno mumiani na neno mumia ni ndugu wa shina moja la Kiajemi.

Hapa ndipo wasomaji hodari wanaponirukia. Sawa, wanasema, chale ni nguo, lakini umbo la kweli ni buibui! Buibui jike mwenye mayai, tumemwona mwishoni mwa kitabu. Ninawaelewa, na kwa kweli King ameacha mwanya. Lakini someni tena mapango yale. Buibui anaelezwa kama kikomo cha akili ya binadamu, umbo la karibu kabisa ambalo jicho letu linaweza kulibeba. Nyuma yake kuna mwanga wa kufisha, nje ya ulimwengu wetu, mahali ambapo hata kobe mkubwa aliyetapika nyota zote ni jirani tu. Anayeutazama mwanga huo anarukwa na akili. Audra, mke wa Bill, aliutazama akabaki kama gogo. Kama umbo la kweli lingekuwa buibui, kumtazama buibui kungetosha kumwehusha mtu, na wale watu wazima walimtazama wakapigana naye. Hata jinsia anayopewa inatokana na mayai ya buibui, na buibui mwenyewe ni nguo ya mwisho iliyobaki kabatini.

Kuna jambo ambalo wanaobishania maumbo hulipita, nalo kwangu ndilo kiini. Nguo za Dude zinabana. Likivaa mtu-mbwamwitu, linafungwa na sheria za mtu-mbwamwitu: fedha inalijeruhi. Ndiyo maana Ben anayeyusha sarafu ya dola ya fedha na kutengeneza goroli, na Beverly, mwenye shabaha kuliko wavulana wote, analipiga kwa manati katika nyumba mbovu ya mtaa wa Neibolt. Eddie analipulizia pampu yake ya pumu akiamini ndani yake mna tindikali, na tindikali inakuwemo. Imani ya mtoto inayolipa Dude meno ndiyo hiyohiyo inayolipa jeraha.

Pwani ya Afrika Mashariki dai huwa jingine: hilo ni jini tu, Wazungu hawakujua kuliita. Nilipenda dai hili kwa muda mrefu, nikaliacha. Jini wetu ana kabila na dini, ana rangi anayoipenda, ana kiti chake. Anapandishwa, anaulizwa jina, anataka mavumba au pete, na akipewa anatulia. Kuna mazungumzo. Dude la Derry halina ombi lolote unaloweza kulitimiza. King mwenyewe anamtuma Bill maktaba akasome mizuka ya mataifa mbalimbali, na Bill anarudi na majina mengi yasiyomtosha. Anachopata cha kufaa ni tambiko la Chüd, linalosemwa limetoka Himalaya: mtu na zimwi wanaumana ndimi na kupigana mafumbo mpaka mmoja acheke. Filamu ya 2019 ikalihamishia kwa kabila la kubuni la wenyeji wa Marekani, kisha ikalifanya lishindwe. Hilo nalihesabu kosa kubwa la filamu ile. Kitabu kilikuwa kimempa kijana mwenye kigugumizi silaha ya ulimi, filamu ikamnyang'anya.

"Linakula hofu." Hapana, linakula nyama. Hofu ni chumvi yake. Linapenda watoto kwa sababu hofu zao zina umbo: ukoma, ndege, meno. Hofu ya mtu mzima ni deni la nyumba au majibu ya daktari, na hizo hazivaliki. Baba yake Beverly anaingia msalani palipotapakaa damu iliyoruka kutoka bomba la sinki, na haoni tone.

Kuhusu dai kwamba Dude huamka kila baada ya miaka 27 sitakaa sana. Kitabu kinasema takriban. Kiwanda cha chuma kinalipuka na kuua watoto siku ya Pasaka ya 1906, na mauaji ya genge la Bradley ni ya 1929, yaani miaka 23. Kwamba televisheni ya 1990 na sinema ya 2017 zimepishana miaka 27 ni sadfa iliyowafurahisha wauza tiketi.

Dai linaloniudhi ni la upole zaidi: kwamba watu wa Derry walikuwa wema, Dude ndilo lililowapotosha. Katika riwaya, klabu ya askari weusi iitwayo Black Spot inateketezwa mwaka 1930, na wachomaji ni chama cha wazungu wa mjini wenye majina, kazi na wake. Mwaka 1984 vijana wanamtupa Adrian Mellon mtoni kwa kuwa ni shoga. Dude linamngoja chini ya daraja, lakini halikuinua mkono wa mtu. Julai mwaka huohuo, King akiwa katikati ya kuandika, kijana mmoja shoga alitupwa kweli na vijana watatu kutoka darajani Bangor, akafa maji katika mto Kenduskeag. Pale hapakuwa na chale wa kusingizia. Na lipo la genge la Bradley. Kisa cha kweli ni genge la Brady, lililoangamizwa Bangor Oktoba 1937 kwa risasi za FBI. King alichukua bunduki hizo mikononi mwa serikali akawagawia wenye maduka. Katika kitabu ni raia wanaofyatua mchana kweupe, na baadaye kila mmoja anadai siku hiyo alikuwa nje ya mji. Chale yumo kati yao, akifyatua pamoja nao, bila kivuli.

Zimwi likujualo halikuli likakwisha, na Derry na Dude walijuana vizuri. Liliwala watoto, likauacha mji ukistawi. Watu wakajifunza kufunga dirisha wanaposikia kelele. Anayesema Dude liliwaloga anawapa wakazi wale udhuru ambao mwandishi alifanya kazi kuwanyima.

Limebaki dai la mwisho, kwamba halikufa. Ushahidi ni riwaya ya Dreamcatcher ya 2001, ambamo mhusika anakuta Derry pameandikwa kwa rangi kwamba Pennywise yu hai. Nami nauliza, aliyeshika kopo la rangi ni nani? Maandishi si mwili. Katika It, Bill anaufikia moyo wa buibui na kuuponda kwa mikono, Ben anakanyaga mayai moja moja gizani, na huko juu dhoruba inauangusha mnara wa maji na katikati ya mji panadidimia. Lilikubali kuwa na mwili ili lile, na mwili huo ukaliponza.

Kisha wote wanaanza kusahau, kama walivyosahau mara ya kwanza. Mike, aliyebaki Derry miaka yote hiyo akiandika kila kitu, yuko kitandani hospitali na shajara yake. Anafungua daftari la anwani na kukuta majina ya rafiki zake yanafifia. Anarudi kwenye shajara, na wino wa humo nao umeanza kupauka.