Nywila Moja, Watu Sita

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa kwa sababu nilikuwa nimezama kwenye seva ya watu. Sasa nimetoka na nina hasira, kwa hivyo mnivumilie.

Kazi yenyewe ilikuwa ya shirika moja la hapa mjini Nakuru ambalo sitalitaja. Rekodi kadhaa za wateja zilibadilishwa usiku, nami nikaitwa kusoma kumbukumbu za seva nione ni nani aliyeingia. Nikasoma. Aliyeingia ni ruti. Aliyetoka ni ruti. Kwa wasiozoea Linux, ruti ni ile akaunti kuu isiyofungiwa mlango wowote, na nywila yake walikuwa nayo watu sita, mmoja wao akiwa aliacha kazi zamani. Anwani ya IP nayo haikusaidia, maana wote hupitia kompyuta moja ya ofisini ndipo waifikie seva. Lakini kijana wa zamu ya usiku alikuwa ameshafutwa kazi. Kwa ushahidi gani? Kwamba alikuwa zamu.

Nikamuuliza meneja kwa nini kila mtu hana akaunti yake. Akanijibu, "Sisi hapa tunaaminiana." Jamani! Mngekuwa mnaaminiana, huyo kijana angefukuzwa?

Na msiniambie hii ni shida ya vikampuni vidogo. Mnakumbuka Septemba 2017? Mahakama ya Juu ilikuwa imeiamuru IEBC ifungue seva na kumbukumbu zake zikaguliwe, ikaona amri hiyo haikutiiwa ipasavyo, na hilo likawa mojawapo ya mambo yaliyoiponza tume pale uchaguzi wa rais ulipofutwa tarehe 1. Siku chache baadaye barua ya mwenyekiti, marehemu Wafula Chebukati, kwa mkurugenzi wake mkuu ikavuja. Alitaka kuelezwa kwa nini akaunti yenye jina lake ilifunguliwa bila yeye kujua, ikatumika kwa shughuli zaidi ya 9,900. Siasa nawaachia wenyewe. Mimi kama mtu wa programu nakwama hapo tu: mwenye jina anauliza jina lake limefanya nini.

Dawa si ya pesa. Programu ya sudo iliandikwa mwaka 1980 hivi katika chuo kikuu cha Buffalo, Marekani, na ni ya bure. Kila mtu anaingia kwa akaunti yake, anaomba mamlaka ya ruti kwa amri moja moja, na kila amri inaandikwa pamoja na jina lake na saa. Kwenye Ubuntu utaikuta ndani ya /var/log/auth.log. Halafu unafunga mlango wa ruti kuingia moja kwa moja kwa SSH. Ni mstari mmoja tu: PermitRootLogin no.

Najua mabingwa mtakachosema. Ukimpa mtu sudo yote, ataandika "sudo su -" na kuanzia hapo sudo haioni tena anachofanya, kisha atafuta kumbukumbu zenyewe. Kweli kabisa. Ndiyo maana mtu wa kuhifadhi data apewe amri za kuhifadhi data na si zaidi, na kumbukumbu zitumwe papo hapo kwenye mashine nyingine ambayo nyinyi mafundi hamna funguo zake. Hata tarakilishi kuukuu chini ya meza ya mhasibu inatosha. Sijawahi kusikia ofisi iliyokosa tarakilishi kuukuu.

Wakubwa nao wajue kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawapa saa 72 tangu wajue data imevuja kumwarifu Kamishna, pale panapokuwa na hatari ya kweli ya mtu kudhurika. Utamwarifu nini? Kwamba ruti aliingia?

Wenzangu wengine hukasirika nikisema haya, wanaona ni kupelelezwa. Mimi naona kinyume. Yule kijana huenda ana hatia, huenda hana. Kumbukumbu yenye majina ndiyo pekee ingemtetea, na haikuwepo. Nilimwandikia meneja hivyo kwenye ripoti, kwa maneno hayo hayo. Malipo yangu yalifika. Kuhusu kijana sijajibiwa hadi leo.

Kesho ukifika kazini, ingia kwenye seva yenu uandike "last", kisha hesabu umeona majina mangapi ya watu.