Staftahi ya Boksi

Imeenea fikra miongoni mwa vijana wa shule, na katika Garissa imeshika mizizi kama ilivyoshika katika Nairobi, kwamba ustaarabu wa mtu hupimwa kwa chakula anachofungulia kinywa. Alaye kornifleksi kutoka katika boksi lenye picha huhesabiwa kuwa amepanda daraja. Alaye anjera na samli, au uji wa mtama, huhesabiwa kuwa amebaki nyuma pamoja na ngamia wa babu yake. Mwanafunzi wa bweni huliweka boksi lake juu ya kabati ili kila apitaye alione, na mwenzake aliyefungiwa nyirinyiri na mama yake hulificha kopo chini ya kitanda. Fikra hii ni ya uongo, nami nakusudia kuipinga mbele yako, msomaji. Sikusudii kukukataza kula kornifleksi. Nakukataza kuziheshimu kabla hujazionja vizuri, na kuidharau anjera ambayo pengine hujui hata namna inavyopikwa.

Tuulize kwanza kitu hiki kilizaliwa wapi. Katika mji wa Battle Creek, jimbo la Michigan, Marekani, palikuwa na nyumba kubwa ya kuuguzia wagonjwa iliyoanzishwa na Waadventista Wasabato. Mganga wake mkuu, John Harvey Kellogg, alipiga vita nyama, chai, kahawa na viungo vikali, akawalisha wagonjwa vyakula vya nafaka ambavyo havikuwa na ladha kubwa. Yeye na ndugu yake mdogo, Will Keith, walikuwa na desturi ya kujaribu mapishi jikoni. Yasimuliwa kwamba mwaka 1894 waliiacha ngano iliyochemshwa mpaka ikalala. Kwa kuwa hawakutaka kuitupa, waliipitisha katika mitambo ya kubana. Na badala ya kutoka kama donge lililotandazwa, kila punje ilitoka peke yake, nyembamba kama gamba la samaki. Wakaioka, wagonjwa wakaipenda. Mahindi yalifuata baadaye.

Kiporo! Kile kile ambacho kijana wa leo huona haya kukila asubuhi mbele ya wageni ndicho mzazi wa boksi analojivunia. Tena ndugu wale hawakuwa peke yao. Mgonjwa mmoja wa nyumba ile, C. W. Post, alitoka akaanza kuuza nafaka zake mwenyewe, Grape-Nuts, mwaka 1897. Mwaka 1906 Will Keith alifungua kampuni yake. Alipenda sukari itiwe katika chakula hicho, jambo ambalo kaka yake hakuliridhia, hata ndugu wawili wakafikishana mahakamani. Sukari ilishinda. Mwaka 1952 kampuni ile ile iliuza vipande vilivyovikwa sukari kwa nje, vikaitwa kwa jina lisilo na haya, Sugar Frosted Flakes. Na chakula kilichobuniwa kwa ajili ya wagonjwa kikawa peremende ya watoto katika bakuli.

Sasa nikuonyeshe jambo lililo karibu nawe. Tia mtama mkavu, hasa ule wenye punje ndogo ngumu, katika chungu kilichopata moto sawasawa, ukifunike, ukitikise. Punje zitapasuka na kutoa maua meupe. Waswahili huziita bisi. Wasomali huziita salool, na hutafuna pamoja na buni zilizokaangwa kwa samli. Zitie bisi hizo katika bakuli, zimwagie maziwa baridi yaliyochemshwa jana, uzile kabla hazijalegea. Umekula nafaka kavu kwa maziwa, kama walavyo watu wa Battle Creek. Tofauti ya bibi yako na Will Keith Kellogg haikuwa akili. Ilikuwa mtambo, boksi, na tangazo la gazetini.

Lakini nisidhaniwe kuwa nimejiunga na jeshi la wale wasemao kwamba chakula cha wazee ni kitakatifu na cha wageni ni sumu. Jeshi hilo nalo lina uongo wake. Anjera ya leo katika nyumba nyingi za Garissa hupikwa kwa unga mweupe wa ngano, na ngano haimei katika mchanga wetu. Nyingi ya ile iliwayo Kenya huletwa kwa meli kutoka nchi za nje. Tambi ziliingia katika vyungu vya Wasomali pamoja na utawala wa Waitaliani. Chai, ambayo mzee hawezi kuamka bila ya kuinywa, ilikuwa ngeni vile vile kwa mababu wa mababu zake. Laiti wale wa kale wangalikataa kila kitu kigeni, mzee huyu angaliamka kwa maziwa matupu. Kila chakula kiitwacho cha asili kiliwahi kuwa kipya, na mtu fulani alikionja kwanza kwa kusitasita. Mimi namsifu huyo aliyeonja. Ninayemlaumu ni yule asemaye kwamba kitu ni kizuri kwa sababu tu kimetoka mbali, na ndugu yake asemaye kwamba ni kibaya kwa sababu hiyo hiyo.

Watetezi wa boksi wana hoja, na si haki kuzificha. Husema kwamba lina vitamini na madini ya chuma. Ni kweli, viwanda huvitia. Lakini tangu 2012 sheria ya Kenya imevitaka viwanda vitie madini ya chuma, zinki na vitamini katika unga wa ngano na wa mahindi wa pakiti, kwa hiyo anjera iliyopikwa kwa unga huo hainyimwi sehemu yake. Husema tena kwamba cha kiwandani ni salama. Katika 2004 watu 125 walikufa Makueni, Kitui na wilaya za jirani kwa sumu ya aflatoksini iliyoingia katika mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu majumbani. Msiba huo si wa kupuuzwa. Lakini Novemba 2019 Shirika la Viwango la Kenya lilipiga marufuku aina 5 za unga wa mahindi uliosagwa viwandani, kwa sababu ya sumu hiyo hiyo. Ghala la nyumbani laweza kuua na kinu cha mjini chaweza kuua. Nafaka iliyokauka barabara, ikawekwa mahali pakavu penye hewa, ndiyo iliyo salama, awe nani aliyeiweka. Wala sikikatai kiwanda: unga wa uji wa mahindi na soya waliogawiwa mama na watoto katika kambi za Dadaab ulitoka kiwandani, na hapana mwenye akili awezaye kuutukana.

Hoja iliyo kubwa kuliko zote ni ya wakati. Anjera hukorogwa usiku, nayo hupikwa moja moja kabla ya alfajiri kupambazuka, na anayeamka kuipika ni mama au dada. Boksi hufunguliwa, maziwa yakamiminwa, na kazi ikaisha. Hoja hii siwezi kuivunja, na sitaki kuivunja, kwa kuwa ina haki ndani yake. Lakini tazama ni nani aghalabu anayeitoa. Ni kijana mwanamume aliyelala mpaka jua likampiga usoni, ambaye hajapata kushika kata ya kumiminia rojo hata siku moja. Ghafula anamhurumia mama yake! Kijana, kama wamhurumia kweli, amka wewe uipike. Umesoma kemia, unajua hamira ni viumbe hai vinavyokula sukari na kutoa hewa. Utashindwaje na kazi ambayo dada yako aliiweza akiwa na umri wa miaka 10?

Nakupa na namna yake, usiseme hukuambiwa. Chukua vikombe 2 vya unga wa ngano na kikombe 1 cha unga wa mtama. Tia chumvi kidogo na hamira nusu kijiko cha chai. Mimina maji ya vuguvugu huku ukikoroga mpaka rojo liwe jepesi, lenye kumiminika kama maziwa mazito. Lifunike, uende ukalale. Asubuhi litakuwa limefura na kutoa harufu ya uchachu. Weka chuma juu ya moto wa wastani, ukipanguse kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Mimina rojo katikati, kisha kwa mgongo wa kata lizungushe kutoka katikati kuelekea ukingoni, kama uchoravyo konokono. Vitundu vitafumuka. Funika kitambo kidogo. Usiigeuze, anjera hupikwa upande mmoja tu, na atakayeigeuza amepika chapati ya maji. Ya kwanza itaharibika, kama iharibikavyo ya kila mpishi duniani, nawe utampa mbuzi. Ukizoea, jaribu mtama sawa kwa sawa na ngano. Itakuwa nyeusi zaidi na yenye kukatika, lakini ladha yake ni nzito na gharama ya ngano imepungua. Hilo ndilo jaribio walilolifanya watu wa Battle Creek: walichukua kilichokuwapo, wakakigeuza, wakaonja.

Nayo maziwa ya kumiminia, ya bakuli lolote, yako sokoni. Wanawake wa Garissa huuza maziwa ya ngamia katika madumu, mabichi na yaliyochachushwa, ambayo Wasomali huyaita suusac. Kenya ni miongoni mwa nchi zitoazo maziwa mengi ya ngamia duniani, nayo yana vitamini C nyingi kuliko ya ng'ombe, neema kubwa mahali ambapo matunda huadimika wakati wa kiangazi. Yachemshe mabichi, ugonjwa wa brusela upo katika nchi yetu, na kusema kwamba wazee waliyanywa mabichi si dawa yake. Kumbuka pia kwamba baina ya mwisho wa 2020 na 2022 misimu 5 ya mvua ilipita mfululizo bila ya kutosheleza, na katika Kenya mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa. Shilingi inunuayo maziwa hayo humfikia mfugaji anayejenga upya kundi lake. Shilingi ya boksi hupanda lori ikaenda zake. Na lori lenyewe si la kutegemewa: mafuriko ya mwishoni mwa 2023, na tena ya Aprili 2024, yaliikata barabara iendayo Nairobi, na mwenye kutegemea boksi peke yake alikaa akilitazama duka.

Basi sikuombi uniamini. Nakuomba ujaribu, na ujaribu kwa haki. Chukua boksi ulipendalo, ulisome ubavuni kabla ya kuisoma picha. Viungo huandikwa kwa utaratibu wa uzito, kilicho kingi mbele. Ukiona sukari ni ya pili, jua unalolila. Tazama gramu za sukari katika kila gramu 100. Shirika la Afya Duniani lilishauri katika 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu 10 katika 100 za nguvu ya chakula cha siku, na ni bora ipungue hata nusu yake, yaani karibu gramu 25 kwa mtu mzima. Kisha, kwa insafu ile ile, hesabu vijiko vya sukari unavyovitia katika kikombe chako cha chai ya iliki na tangawizi, na vile unavyoinyunyizia anjera. Yamkini utanyamaza kidogo kabla ya kulilaumu boksi.

Gawa bei kwa uzito, upate bei ya gramu 100 za kornifleksi, za unga wa mtama na za unga wa ngano; ziandike ubaoni darasani, kila mtu azione. Kula kimoja Jumatatu, kingine Jumanne, kingine Jumatano, kiasi kile kile cha uzito na maziwa, na kila siku uandike saa ambayo njaa ilirudi. Mwisho fumba macho ya wenzako 7 kwa vitambaa, na bisi, uji na kornifleksi viwe katika mabakuli ya namna moja, pasiwe na picha wala jina. Waulize wapendacho. Ikiwa baada ya haya yote boksi limeshinda, linunue kwa moyo mweupe, uliweke mezani mbele ya watu, na kopo la nyirinyiri litoke chini ya kitanda likae kando yake.