Kijana Hapimwi kwa Namba

Ni desturi ya watu wengi siku hizi, na Taita Taveta haikuachwa nyuma, kwamba mashindano ya mpira wa kikapu ya vijana yakimalizika, watu huketi wakaandika orodha. Wa kwanza fulani, wa pili fulani, wa tatu fulani, mpaka wa kumi au wa ishirini. Orodha hupita mkono kwa mkono, na kabla ya jua kuchwa kijana wa miaka kumi na sita, aliyefika uwanjani Voi asubuhi akiwa mchezaji kama wenzake, hurudi kwao jioni amebandikwa namba. Tangu siku hiyo hatazamwi tena yeye. Hutazamwa namba yake.

Mimi nasema orodha hiyo ni dhuluma. Inawadhulumu waliomo, inawadhulumu wasiomo, na inaudhulumu mchezo wenyewe. Neno dhuluma ni zito, na atumiaye neno zito hana budi kulithibitisha. Nitajaribu kufanya hivyo. Kisha nitajibu hoja za wanaoitetea orodha, maana nao si watu wasio na hoja.

Tuanze na mchezo. Mpira wa kikapu ulibuniwa mwezi wa Desemba mwaka 1891 na mwalimu James Naismith, katika mji wa Springfield huko Marekani. Alitundika vikapu viwili vya kutilia matunda juu ya ukuta wa ukumbi, kiasi cha meta 3.05 kutoka sakafuni, na kimo hicho hakijabadilika mpaka leo. Kwa kuwa kikapu kiko juu, watu waliona upesi kwamba mrefu ana faida. Ni kweli anayo. Lakini kutoka katika ukweli huo mdogo limezaliwa kosa kubwa, la kudhani kwamba anayepimika kwa utepe amekwisha pimwa. Mchezo huu wataka jicho la kumwona mwenzio kabla hajaita, mkono usiotetemeka dakika ya mwisho, pumzi ya kurudi nyuma kukinga baada ya kushambulia, na moyo wa kumpa mpira aliye katika nafasi nzuri kuliko wewe. Utepe haupimi hata moja katika hayo. Mwandika orodha ana saa mbili tu za kutazama, naye hupima kinachopimika na kuacha kinachofaa.

Pili, tutazame umri. Katika timu ya vijana wa umri mmoja, mmoja amezaliwa Januari na mwingine Desemba. Kwa karatasi wako sawa. Kwa mwili wamepitana miezi kumi na mmoja. Wataalamu wa Kanada waligundua katika miaka ya 1980 kwamba katika timu zao za vijana za mpira wa magongo wa barafuni, waliozaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka walikuwa wengi kupita kiasi. Haikuwa kwamba Januari huzaa mabingwa. Walioitangulia miezi walionekana bora utotoni, wakachaguliwa, wakafundishwa zaidi, na mafundisho yakawafanya wawe bora kweli. Zaidi ya miezi, kuna tofauti ya kubalehe. Mvulana mmoja huota ndevu akiwa na miaka kumi na minne, na mwingine hungoja mpaka kumi na saba. Yule wa kwanza huwashinda wenzake kwa nguvu za mtu mzima, na mwandika orodha huandika kwamba ana kipaji, hali alichonacho ni haraka ya mwili, na haraka hiyo wenzake wataifikia.

Tatu, orodha huwapanga walioonekana, lakini husomwa kama kwamba imewapanga waliopo. Wilaya yetu ya zamani, iliyo kaunti sasa, ni pana, na sehemu yake kubwa ni mbuga ya Tsavo. Kutoka Taveta mpakani hadi Voi ni safari ya kilomita zipatazo 110. Kutoka vijiji vilivyouzunguka mlima Kasigau, kama Rukanga na Bungule, safari ni ya vumbi. Kutoka Werugha na Mgange kuna milima ya kuteremka. Shule iliyo na gari na kiwanja cha saruji huwapeleka wachezaji wake mashindanoni mara nyingi. Shule ambayo kiwanja chake ni udongo mwekundu, na mpira wake mmoja umechakaa, hufika mara moja ikashindwa ikarudi. Msichana wa mlimani anayeamka alfajiri kuchota maji, akashinda darasani, akafanya mazoezi nusu saa kabla ya giza, ameonekana na nani? Jina lake kutokuwamo katika orodha si ushahidi juu yake. Ni ushahidi juu ya macho ya waandikao.

Huenda mtu akasema, hayo ni makosa ya wasiojua. Wangekuwapo wajuzi, orodha ingekuwa ya haki. Basi na tuwatazame wajuzi. Ligi kuu ya Marekani huchagua chipukizi kila mwaka kwa zamu. Vilabu vyake vina mali nyingi, vina madaktari, vina picha za kila mchezo, na huchagua vijana waliokwisha chezea vyuo mbele ya maelfu ya watu. Mwaka 1984 wa kwanza alichaguliwa Hakeem Olajuwon wa Nigeria, na uchaguzi huo ulikuwa wa busara. Wa pili akawa Sam Bowie, na wa tatu Michael Jordan, ambaye walimwengu wengi humhesabu kuwa mchezaji bora kupita wote. Jordan huyo huyo, alipokuwa mwanafunzi wa shule ya sekondari huko Wilmington mwaka 1978, hakutiwa katika timu kubwa ya shule yake. Nafasi alipewa mwenzake aliyemzidi kimo. Mwaka 2009 Stephen Curry alichaguliwa wa saba. Mwaka 2014 Nikola Jokić wa Serbia alichaguliwa wa arobaini na moja, na baadaye akatunukiwa mara tatu taji la mchezaji bora wa ligi hiyo. Ikiwa wenye vyombo vyote hivyo hukosea juu ya vijana waliokwisha kuwa watu wazima, sisi wenye filimbi na kalamu tutajuaje cheo cha mtoto wa kidato cha pili?

Katika mwaka huo wa 2009 kuna habari nyingine, nayo yatuhusu sana kwa kuwa ni ya jirani yetu. Aliyechaguliwa wa pili, kabla ya Curry, alikuwa Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, Mtanzania wa kwanza kuingia katika ligi ile. Alianza mchezo huu akiwa kijana mkubwa, akakua mpaka meta 2.21, akasoma Chuo Kikuu cha Connecticut, na huko akapata sifa ya mlinzi hodari. Mwezi wa Februari mwaka 2010 klabu yake ya Memphis ilimpeleka katika ligi ya kukuzia wachezaji, iliyoanzishwa mwaka 2001 kwa ajili ya wale wanaohitaji muda na mazoezi. Hakuna aibu katika hilo, maana mtu hupelekwa shule ili ajifunze. Lakini magazeti hayakuandika kwamba amekwenda kujifunza. Yaliandika kwamba hakuna aliyechaguliwa juu kama yeye ambaye alipata kupelekwa huko. Alichezea vilabu vingine vya ligi kuu hadi mwaka 2014, kisha akaendelea na kazi yake hiyo mpaka Japani na Taiwan.

Msomaji, fikiri. Kijana wa Afrika Mashariki aliyeanza kwa kuchelewa akafika katika ligi ngumu kuliko zote duniani, akala mkate wake humo miaka kadhaa. Angalichaguliwa wa hamsini, habari zake zingalisimuliwa kama muujiza. Alichaguliwa wa pili, na wengi wakazisimulia kama hasara. Mtu ni yule yule, jasho ni lile lile, vikapu ni vile vile. Kilichobadilika ni namba ambayo hakuiandika yeye. Hii ndiyo dhuluma ya orodha iliyo wazi kuliko zote: humpangia mtu deni asilolikopa, kisha humshitaki kwa kutolilipa.

Ikiwa mtu mzima mwenye mshahara aliteswa na namba, mtoto atafanywa nini nayo? Aliyeandikwa wa kwanza huonywa na wahenga kwamba mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Huanza kuchelewa mazoezini, huona haya kujifunza jambo jipya mbele ya watu kwa kuwa wa kwanza hatakiwi kukosea, na mara nyingi huweka vitabu kando akidhani mkono wake umekwisha mpatia riziki. Goti likiumia, hana mkono wala kitabu. Aliyeandikwa wa ishirini hujiona amehukumiwa, na asiyeandikwa hujiona hayupo. Mwalimu naye huathirika asijue: humpa wa kwanza mpira mara kumi na wa mwisho mara moja, kisha hushangaa kwamba orodha ilitabiri kweli.

Sasa tuwasikilize watetezi. Hoja yao ya kwanza ni kwamba mwalimu hana budi kuchagua. Timu huandikisha watu kumi na wawili, si mia. Nakubali. Lakini kuchagua kumi na wawili kwa ajili ya mchezo wa Jumamosi si kuwapanga watoto wote kwa ajili ya maisha. Uchaguzi wa Jumamosi hufa Jumapili, na juma lijalo mlango u wazi. Orodha haifi, humfuata kijana toka shule mpaka shule.

Hoja ya pili ni kwamba dunia ni mashindano, na anayemficha mtoto asishindane anamlea vibaya. Hili nalo nakubali, wala sikusema mashindano yaondolewe. Shule zetu na zishindane katika tarafa, katika kaunti, zipande mpaka mashindano ya Pwani na ya taifa. Matokeo ya mchezo uliokwisha chezwa ni habari ya kweli: huyu kashinda, huyu kashindwa. Orodha ya chipukizi ni hukumu ya mchezo ambao haujachezwa. Habari na ramli si kitu kimoja, ingawa zote mbili zaweza kuandikwa kwa tarakimu.

Hoja ya tatu ndiyo yenye uzito. Husemwa kwamba mlango umefunguka sasa: Kenya ilipata kuwa ya pili katika mashindano ya AfroCan mwaka 2019, ikarudi katika mashindano makuu ya Afrika mwaka 2021 baada ya kuyakosa tangu 1993, na mwaka 2025 Nairobi City Thunder ilikuwa klabu ya kwanza ya Kenya kucheza katika Ligi ya Mpira wa Kikapu ya Afrika. Wafadhili na shule zenye timu kubwa hutafuta vijana wa kuwalipia karo, nao hutaka majina. Bila ya orodha, mtoto maskini wa Mwatate au Sagalla atapatikanaje?

Najibu kwamba kwa sababu karo ni jambo zito kiasi hicho, haifai kugawanywa kwa ramli. Mzazi anayeuza mboga sokoni ili mtoto asome ana haki ya kujua kwamba aliyemnyima mwanawe nafasi alimtazama kwanza. Kila mwalimu na aweke daftari, na kila mchezaji awe na ukurasa wake. Aandikwe tarehe ya kuzaliwa, na miezi aliyokwisha cheza. Katika mitupo hamsini ya mwezi wa Januari alitia mingapi, na mingapi katika mwezi wa Julai? Mkono wa kushoto umeanza kudunda mpira? Husaidia wenzake wakishindwa? Masomo yake yaendaje? Mfadhili akija, asipewe namba, apewe daftari. Atawaona waliotangulia, na atawaona wanaokuja mbio kutoka nyuma, ambao orodha haiwezi kuwaonyesha kamwe. Na watazamaji wasikae Voi tu wakingoja waletewe watoto. Waende Taveta, wapande Wundanyi, wafike Kasigau, na warudi tena mwaka wa pili, kwa kuwa mtoto wa mwaka huu si mtoto wa mwaka ujao.

Kazi hiyo ni ngumu kuliko kuandika majina kumi katika karatasi. Ndiyo sababu majina kumi hupendwa. Lakini wepesi wa kazi haujapata kuwa dalili ya haki.

Nanyi vijana mnaosoma maneno haya, msiwangoje wakubwa wabadilike. Ukiandikwa wa kwanza, jua kwamba umesifiwa kwa jana, na mazoezi ni ya kesho. Usipoandikwa, jua kwamba hukupimwa; ulipitwa tu. Jipime mwenyewe kwa nafsi yako ya mwezi uliopita, maana huyo ndiye mshindani pekee ambaye umri wake, kiwanja chake na chakula chake vililingana na vyako. Na siku mtakapokuwa walimu, waamuzi na wafadhili, mkapewa kalamu na kuombwa mwandike nani wa kwanza na nani wa mwisho katika watoto, iwekeni kalamu chini, mwende mkawatazame tena.