Anaporudi Kuomba Tena



Dada zangu, msimu unakaribia. Kwa mujibu wa Katiba yetu, uchaguzi mkuu ni Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, na ujao utaangukia tarehe 10 Agosti 2027. Lakini sisi wa Magogoni hatuhitaji kalenda. Hitima iliyokuwa ya jamaa na majirani huwa na viti vya kukodi na kipaza sauti. Maulidi ya chuo hupata mfadhili asiyejulikana hapo kabla. Leso huja kwa mabunda, na pale tulipozoea kusoma jina la leso pamechapwa jina la mtu.

Miongoni mwa hao wanaobisha hodi, mmoja hali yake si sawa na ya wenziwe, naye ni yule aliyeko kitini na anataka kurudi. Mgombea mpya hana ila ahadi, na ahadi haikaguliki. Huyu ana miaka mitano nyuma yake. Hata sheria imempa nafasi: mwalimu wa chekechea aliyeajiriwa na kaunti, akitaka kiti hicho, yampasa ajiuzulu miezi sita kabla ya uchaguzi, ilhali mwakilishi aliyepo huendelea na mshahara wake mpaka siku ya kura. Na tofauti na gavana, aliyewekewa mihula miwili tu, mwakilishi wa wadi hana ukomo. Aweza kurudi mara nne, mara tano, maadamu sisi tunamrudisha.

Wako dada wanaoniambia kwamba mambo haya hayatuhusu, na hoja yao ni nzito. Mtume (s.a.w.) alimnasihi Abdurrahman bin Samura asiombe uongozi, kwani anayepewa kwa kuuomba huachiwa mzigo wake, na anayepewa bila kuomba husaidiwa. Basi huyu anayeomba, tena anayerudia kuomba, tumfanyeje? Masheikh wetu hujibu kwa kisa cha Nabii Yusuf (a.s.), aliyeomba mwenyewe asimamie hazina za Misri. Ukweli wa fikihi nawaachia wao. Mimi natazama jambo moja dogo: Yusuf alipoomba hakuja na zawadi. Alitaja sifa mbili, kuhifadhi na kujua. Kwa hiyo tunayo mizani. Je, uliyepewa umeyahifadhi? Je, kazi yako unaijua?

Na kazi yenyewe ni ipi? Hapa ndipo wengi wetu tunapopotea, na wao hufurahi tukipotea. Tangu mwaka 2013 hakuna tena madiwani wala Baraza la Manispaa ya Mombasa. Kuna Bunge la Kaunti, na Magogoni ni mojawapo ya wadi 7 za Kisauni na 30 za kaunti nzima. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inasema mwakilishi awe karibu na wapiga kura wake, ashauriane nao, afikishe maoni yao bungeni na ahudhurie vikao na kamati. Kisha inamkataza kujiingiza katika kazi za utendaji za serikali ya kaunti. Atakapotuambia, "Nimewajengea mtaro," basi ama anajipamba kwa kazi ya wengine, ama amefanya asichotumwa. Fedha ni za umma, mjenzi ni serikali ya kaunti. Yeye alitumwa kutunga sheria, kupitisha bajeti na kumkodolea macho gavana.

Basi maswali yetu yabadilike. Tumwulize: bajeti ilipopitishwa, zahanati yetu ilitengewa nini, na dawa zilipokwisha ulimwuliza nani, ndani ya kikao gani? Chekechea, taka, masoko, maji na barabara za mitaani ni mambo ya kaunti, yamo katika Jedwali la Nne la Katiba. Kitambulisho cha mwanao kilichokwama na polisi wasiofika ni mambo ya serikali kuu. Tusimhukumu kwa hayo, ingawa ana mdomo wa kutusemea. Na tumwulize kuhusu mahudhurio. Katiba inasema anayekosa vikao 8 bila ruhusa ya maandishi ya spika hupoteza kiti. Vikao hivyo viko wazi kwa umma. Ni safari ya matatu moja kuvuka daraja la Nyali, na sijui kwa nini tunakwenda kisiwani kwa kitambaa cha harusi lakini hatuendi kwa hili.

Kisa kinachonijia kila msimu huu ni cha Saad bin Abi Waqqas (r.a.). Alikuwa gavana wa Kufa, sahaba mkubwa, na watu wa mji wakamshtaki kwa Sayyidna Umar (r.a.) mpaka wakadai hata sala haisalishi vizuri. Umar akamwondoa. Hakuishia hapo. Alituma watu waende Kufa, wapite msikiti baada ya msikiti wakiuliza habari zake. Kila mahali alisifiwa, hadi msikiti wa Bani Abs, ambapo mtu mmoja alisimama akadai kwamba Saad hatoki na jeshi, hagawi kwa usawa na hahukumu kwa uadilifu. Saad akaomba dua juu yake ikiwa amesema uongo, na mtu yule aliishi uzee mrefu wa fedheha, akikiri mwenyewe kwamba dua ya Saad imempata. Miaka ilipopita, Umar alipojeruhiwa na kuteua watu sita wa kushauriana juu ya uongozi, Saad alikuwa mmoja wao, na Umar akabainisha kwamba hakumwondoa kwa udhaifu wala kwa hiana.

Naona katika kisa hiki adabu mbili tusizokuwa nazo. Kwetu, mwakilishi akishindwa huzomewa mpaka watoto wake chuoni. Kumbe mtu aweza kuondolewa na heshima yake ikabaki. Na kwetu, uvumi wa kibarazani huwa ushahidi. Kumbe anayemsingizia kiongozi naye ana hisabu yake.

Tena angalieni: Umar alituma watu wakaulize. Katika mtaa wetu, nani ataulizwa kuhusu maji kama si yule anayelipa mtungi wa lita 20 kwa muuza mkokoteni kwa kuwa kisima cha jirani ni cha chumvi? Nani ajuaye kama gari la taka lilipita? Hayo wanaume huyasikia jioni. Wala tusiseme siasa ya kurudi kitini ni yao pekee. Ng'ambo ya kivuko, Bi Mishi Mboko alichaguliwa mwakilishi wa wanawake wa Mombasa mwaka 2013, akawa mbunge wa Likoni 2017, akarudi tena 2022. Simpigii debe. Nasema tu kwamba naye alirudi kuomba, na watu wa Likoni walikuwa na haki ya kumpima kwa mizani hiyo hiyo.

Kuhusu leso na unga, sitamlaumu mjane aliyepokea. Nimewahi kukaa na mama aliyeniambia kwamba pakiti ile ilikuwa daku ya wanawe. Lakini ajue kwamba sheria ya makosa ya uchaguzi ya 2016 inamshika mtoaji na mpokeaji pia, na laana ya rushwa tumefundishwa kwamba ni ya wote wawili.

Linaloninyima usingizi zaidi ni vijana. Kisauni inajua mapanga. Yako majumba yaliyozika, na yako majumba ambayo mwana wao ndiye aliyeshika panga. Msimu wa kura kijana asiye na kazi huitwa "ulinzi wa mheshimiwa". Hupewa fulana, mia mbili na majani ya kutafuna, na uchaguzi ukiisha huachwa na wenzake na njaa yake. Kwa hiyo anayetaka kurudi ana swali moja zaidi: wale uliotembea nao mara iliyopita, wako wapi leo?

Sisi katika chama chetu cha Alhamisi tumefungua daftari. Ukurasa wa kwanza ni zahanati, wa pili maji, wa tatu taka, na wa nne ni vijana, tumewaandika kwa herufi za mwanzo tu. Atakapofika na leso zake, tutamkaribisha, tutampa kahawa chungu na kaimati, kisha Bi Mkubwa wetu, aliye na sauti kutushinda sote, atavaa miwani na kuanza kusoma.