Shali ya Milia: Nusu ya Urefu Si Nusu ya Kazi



Wengi wetu tumekulia mkekani. Tuliwaona nyanya zetu wakisuka ukili wa miyaa, nao ukili hauna hila: upana wake ni mmoja, hivyo pima ya kumi hutaka miyaa na muda sawa na pima ya kwanza. Shali ya pembe tatu inayotanuka upande mmoja haifuati hesabu hiyo, na asiyelijua hilo huishiwa na uzi au hujipunja ujira wake.

Na tuitazame inavyofumwa. Tunachagua uzi wa pamba wa rangi mbili, kwani sufu ni nzito kwa joto la pwani yetu. Tunaanza na vitanzi 3 sindanoni, tunafuma mistari 4, kisha tunabadili rangi. Kila mlia mpya tunauanza kwa kuongeza kitanzi kimoja, daima katika ukingo ule ule. Ukingo wa pili hauguswi.

Mlia wa 100 utakuwa na vitanzi 102, na shali nzima itakuwa na vitanzi 21,000. Milia 50 ya mwanzo ina vitanzi 5,500 tu, yaani robo na ushei. Nusu kamili hutimia mlia wa 70, na milia 30 ya mwisho hula nusu iliyosalia. Kwa hiyo uzi upimwe kwa mizani ya jikoni kabla ya kuanza, na upimwe tena mlia wa 70 ukiisha. Uliobaki ukiwa chini ya nusu, idadi ya milia ipunguzwe mapema.

Hesabu hii ni nzito zaidi kwa afumaye kwa malipo. Mteja aonaye shali imefika nusu ya urefu huamini kazi imefika nusu, ilhali robo tatu ingalipo. Fiqhi yetu huuita mkataba wa kuagiza kitu kitengenezwe istisnaa, na sharti lake ni sifa za kitu na bei yake vijulikane tangu mwanzo. Basi tukubaliane rangi, idadi ya milia, bei na siku kabla ya kitanzi cha kwanza. Mnunuzi aambiwe pia kwamba shali ya kufuma ina matundu: ivaliwe juu ya mtandio, isitegemewe peke yake kuwa sitara ya sala.

Katika Suratun-Nahl, aya ya 92, avunjaye ahadi amefananishwa na mwanamke aufumuaye uzi wake baada ya kuusokota ukawa imara. Ni mfano unaotuhusu sisi wenye sindano mkononi. Anayehesabu kwanza huahidi anachokiweza.

Mwenyezi Mungu aibariki mikono yenu na chumo lenu. Amin.