Mazungumzo yasitegemee mkubwa mmoja

Muganga Théophraste Renaudot anakumbukwa Ufaransa kwa gazeti lake, Gazette, alilolianzisha Paris mwaka 1631. Hata zawadi ya vitabu yenye jina lake ilifika kwetu Afrika: Alain Mabanckou wa Congo-Brazzaville aliipata mwaka 2006, na Scholastique Mukasonga wa Rwanda mwaka 2012. Lakini kazi yake nyingine ndiyo inayofaa kuangaliwa leo, hasa na familia zilizokimbia vita.

Renaudot alikuwa na ofisi katikati ya Paris. Asiye na kazi alikuja kujiandikisha, na mwenye kutafuta mfanyakazi alikuja kuuliza. Kuanzia mwaka 1633 hadi 1642, watu walikutana humo kila Juma tatu kuzungumza. Siku moja swali lilihusu magonjwa, siku nyingine nyota, siku nyingine tabia ya mtu. Walisema Kifaransa, siyo Kilatini cha wasomi. Mazungumzo yalipochapishwa, majina ya wasemaji hayakuandikwa. Neno lilipimwa kwa uzito wake, si kwa cheo cha aliyelisema.

Hilo lilikuwa jambo jema. Hata leo, wasomi wanaochunguza Ufaransa ya wakati ule hawawezi kuielewa kama mwanahistoria, muganga na mtu wa muziki kila mmoja anabaki chumbani mwake.

Lakini kulikuwa na kasoro mbili. Ya kwanza, mambo ya serikali yalikatazwa. Ufaransa iliingia vitani na Uhispania mwaka 1635, na bado siasa ilibaki nje ya mlango. Ya pili, Renaudot alilindwa na Kardinali Richelieu. Richelieu alikufa mwaka 1642, mfalme Louis wa 13 akamfuata mwaka 1643. Waganga wa chuo kikuu cha Paris, waliokuwa na wivu naye, wakampeleka mahakamani, na mwaka 1644 akakatazwa kuendelea kutibu maskini bure.

Fundisho liko wazi. Kikao cha wahami kisichotumia lugha ya mama anayeuza mboga hakimsaidii. Kikao kinachokataza kuuliza kwa nini watu walikimbia kimeacha swali kubwa nje. Na kikao kinachosimama kwa mkono wa mkubwa mmoja, siku akiondoka, kitaanguka. Wenye shida ndio wakishike wenyewe.