Nani kawaambia tulikuwa tunacheka maiti?

Haya wadau, leo nina ugomvi. Tangu tuangalie Kraftidioten pale bwenini, ile ya Norway ya mwaka 2014 aliyoiongoza Hans Petter Moland, nasemwa korido nzima eti nimeleta sinema ya kucheka maiti. Tena eti mwalimu mtarajiwa! Jamani, mliangalia, ila hamkuona.

Kwa ambao hamkuwepo: Nils (ni Stellan Skarsgård huyo) ni Mswidi anayeendesha mtambo wa kuondoa theluji barabarani huko milimani Norway. Mtu mkimya, katoka tu kupewa tuzo ya raia bora wa mwaka. Mwanawe anakutwa amekufa, polisi wanasema kazidisha dawa za kulevya, basi yameisha. Baba hakubali. Anawafuata wauza unga mmoja mmoja, anawaua, anawaviringisha kwenye waya wa banda la kuku na kuwatupa kwenye maporomoko ya maji. Na bosi wa genge, Greven, katili kweli kweli, halafu hali nyama! Anakunywa juisi ya karoti na kugombana na mtalaka wake juu ya mtoto. Hapo tulicheka, mimi wa kwanza.

Lakini kila akifa mtu skrini inakuwa nyeusi. Linatokea jina lake na alama ya dini yake. Kimya. Hata jambazi tuliyemwona dakika mbili tu anaandikwa jina. Ni kama daftari la mahudhurio (ndiyo, ualimu huo), ila la walioondoka.

Sasa niambieni. Commando ya 1985, mmeiona kwenye mabanda ya video tangu mkiwa watoto. Wale askari ambao Schwarzenegger anawamaliza kule kisiwani, yupo hata mmoja mnayemjua jina? Pale mlipiga makofi. Sikusikia mtu akilalamika kuhusu maiti.

Na msiniambie kucheka kwenye kifo ni mambo ya Wazungu. Nyumbani kwenu watani hawaji msibani? Hawamwigizi marehemu alivyokuwa anatembea, wakazuia jeneza mpaka walipwe? Waliofiwa wenyewe wanacheka huku machozi yanawatoka, na hakuna anayewaita wahuni.

Wale wa "bora ungeleta ya Liam Neeson", yaani Cold Pursuit ya 2019: aliyeiongoza ni Moland huyohuyo, kaihamishia Colorado, na majina ya wafu yamo vilevile. Sina ugomvi nayo. Ila kuna jambazi kwenye hii ya kwanza anafafanua kwa nini nchi zenye jua serikali zake hazihudumii watu, eti huwezi kupata vyote viwili. Sisi wa jua tulivyotazamana pale... mwe!

Halafu kuna Papa, bosi wa Waserbia, aliyeigizwa na Bruno Ganz. Greven anadhani Waserbia ndio wanaomuulia watu, basi anamuua mtoto wa Papa. Mzee mwingine kafiwa kwa ajili ya kisasi cha Nils wetu mwema, na wala hamjui. Mtoto naye anaandikwa jina, na msalaba wa Kiorthodoksi. Ukumbi mzima ulinyamaza. Wanaonisema wengi walishatoka zamani wakienda kula.

Flashi ninayo chumbani, njooni mchukue.